Mzazi Akisema "Ni Mtoto Wangu": Kwa Mwalimu Anayeanza Zamu ya Getini

Mwalimu mgeni, chuoni umefundishwa kuandaa somo, lakini zamu ya getini itakufundisha mambo mengine. Atakuja mzazi mwenye haraka, gari linanguruma nje, akuambie: "Mwalimu, huyu ni mtoto wangu, mimi ndiye ninayeamua." Mara nyingi atakuwa na haki. Ugumu uko hapo.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimkabidhi mtoto kwa mjomba wake. Jina la mjomba halikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, lakini mtoto alimkimbilia akicheka, nami nikaona aibu kumzuia mtu mzima mbele ya foleni. Kumbe wazazi walikuwa wametengana na suala la nani akae na mtoto lilikuwa mahakamani. Mtoto alipatikana usiku uleule, mzima. Mama yake aliponiuliza kwa nini nilimwachia, jibu nililokuwa nalo ni kwamba mtoto alifurahi kumwona. Anayemchukua mtoto bila ruhusa mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anampenda, kwa hiyo usitegemee kilio kikuonye.

Tangu siku ile, asiye kwenye orodha anasubiri hadi nimpigie mzazi. Napiga namba iliyo kwenye daftari la shule. Simu ninayonyooshewa na aliyesimama getini, "ongea naye huyu hapa", siipokei hata kwa adabu.

Kabla hujabishana na mzazi, jiulize uamuzi wake utamwangukia nani. Asiyetaka mwanawe avae sweta, mwache. Baridi ni ya mwanawe. Anayemfungia karanga mtoto wake katika darasa lenye mwenzake mwenye mzio mkali, huyo ameshaamua kwa niaba ya mtoto wa mtu mwingine. Chanjo ya surua iko upande huohuo. Mzazi anayeikataa atakuambia, "Akiumwa nitamweka nyumbani." Inasikika vizuri, ila mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku nne hivi kabla ya vipele kutokea, na virusi huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya yeye kutoka chumbani. Ili ugonjwa usisambae, takriban watu 95 kati ya 100 wanahitaji kuwa na kinga. Nafasi ndogo inayobaki wanaihitaji watoto wasioweza kuchanjwa, kama wale wanaotibiwa saratani.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 niliusoma nikitarajia uniambie nani mshindi. Ibara ya 3 inatanguliza maslahi ya mtoto, ya 5 inaheshimu haki na wajibu wa wazazi kumwongoza. Nikaufunga bila kumpata mshindi.

Sasa usije ukawa askari. Shuleni kwetu kulikuwa na kanuni kwamba dawa zote zikae ofisini, kabatini, chini ya ufunguo. Mama mmoja mwenye mtoto wa pumu akagoma: dawa ya kuvuta ya mwanawe ikae mfukoni mwa mtoto mwenyewe. Tulimwona mkaidi. Siku moja mtoto akabanwa kifua uwanjani, na mwenye ufunguo alikuwa darasani upande wa pili. Tuliwahi, lakini kwa kukimbia. Kanuni yetu ilikuwa inalinda kabati. Mama yule alileta barua ya daktari, kanuni ikarekebishwa, na ninakiri ingefaa tumsikilize mwezi mmoja kabla.

Kwa hiyo ijue sababu ya kila kanuni unayoisimamia. Ukimwambia mzazi "ndiyo sheria" umemfungia mlango. Ukimwambia sababu, wengi hulainika, na asiyelainika angalau anajua anapinga nini. Mwite pembeni, mbali na mwanawe. Na usimpe mmoja ruhusa ya kimyakimya kwa sababu amekuchosha: kabla ya jioni wazazi wengine watano watakuwa na habari, na watadai ya kwao.

Ukishakataa au kuruhusu jambo, liandike kwenye daftari la zamu: saa, jina, na alichosema mzazi kwa maneno yake. Ukikabidhi zamu, mwonyeshe mwenzako ukurasa huo. Mzazi uliyemkatalia asubuhi atarudi mchana, na atamkuta yeye.