Kabla hujagusa skrubu ya kipima ugumu, soma alama ya zamani

Mwaka wangu wa pili maabara, fundi wa karakana moja hapa Dar es Salaam aliniletea gia ya mashine ya kusaga nafaka. Ilikuwa imetiwa kaboni usoni na kupozwa kwenye mafuta, naye alitaka kujua jambo moja tu: ugumu wa uso, kwa kipimo cha Vickers, umefika 700 au haujafika? Nikakata kipande, nikakibana kwenye bakelaiti, yaani plastiki ngumu ya kushikilia sampuli, nikang'arisha hadi kikawa kama kioo, nikapiga alama tano kwa ncha ya almasi ya mashine, kwa mzigo wa gramu 300. Majibu yote yalikuwa jirani na 650. Nikamwandikia kwamba gia ni laini. Akairudisha tanuruni, ikapinda, ikawa chuma chakavu. Wiki mbili baadaye nikajua kwamba gia ile ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Nilijua nilipoweka kipande cha rejea, yaani chuma chenye cheti cha ugumu wake, cha 700, nikapata 652. Mkono ukaenda kwenye bisibisi, maana niliamini mzigo umezidi. Mzee aliyekuwa akisimamia chumba kile akaingia wakati huohuo.

"Shikamoo mzee. Mashine inasoma chini."

"Marahaba. Ni jicho au ni mkono?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo ninaloanza nalo hadi leo kila ninapofanya ugezi wa kipima ugumu, yaani kuhakiki usomaji wake kwa kipimo kinachojulikana.

Mashine ya Vickers ina kazi mbili ndani ya mwili mmoja. Mkono ni almasi ya umbo la piramidi, pembe ya nyuzi 136 kati ya nyuso zinazotazamana, inayoshushwa kwa mzigo unaojulikana na kuachwa sekunde 10 hadi 15. Jicho ni hadubini inayopima mishazari miwili ya alama iliyobaki. Ugumu hupatikana kwa kuzidisha mzigo wa kilo kwa 1.8544, kisha kugawa kwa kipeo cha pili cha wastani wa mishazari kwa milimita. Kipeo hicho cha pili ndicho kinachotuumiza. Kwa gramu 300 kwenye chuma cha 700, mshazari ni mikroni 28.2 tu. Ukiusoma 29.2, umeshuka hadi 652. Mikroni moja imekula karibu pointi 50.

Sasa, kipande kizuri cha rejea huja na alama iliyokwisha kupigwa na kupimwa, urefu wa mishazari yake umeandikwa kwenye cheti. Mzee alinionyesha alama hiyo, akasema nisipige chochote, nisome tu. Cheti kilisema 28.2. Mimi nikasoma 29.2. Almasi yangu haikuigusa alama ile wala mzigo wangu haukuhusika, kwa hiyo kosa lilikuwa la jicho peke yake. Kama ningesoma 28.2 sawasawa, halafu alama zangu mpya zikatoka kubwa, hapo ningekuwa na haki ya kuutilia shaka mkono.

Jicho nalo lina makosa ya aina mbili, na rula ya kioo ya hadubini huyatenganisha. Rula yetu ni milimita 1 iliyogawanywa mara 100, kila kipande mikroni 10. Pima mikroni 10, kisha 50, kisha 100. Usomaji ukizidi kwa mikroni 1 kila mahali, sifuri yako imehama. Ukizidi kidogo kwenye 10 na kwenye 100 ukazidi mara kumi ya hapo, basi kizidishi cha lenzi ndicho kibaya, na mara nyingi ni kwa sababu mtu amebadilisha lenzi bila kubadilisha namba kwenye mashine.

Kosa langu lilikuwa la sifuri. Ndani ya kijicho, lenzi unayochungulia, kuna mistari miwili myeusi inayosogezwa, na kila mstari una unene wake. Sifuri huwekwa kingo za ndani zikigusana tu, mwanga kati yao ukizimika bila mstari kupanda juu ya mwenzake. Mimi nilikuwa nimeipandisha mistari kabisa, kisha nikapima alama kwa kingo za ndani. Tangu siku hiyo naweka sifuri mara tatu kabla ya kuanza, na mwenzangu akishika zamu naye anaweka yake, kwa sababu macho ya watu wawili hayaoni ukingo mmoja.

Mkono nao una dalili zake. Alama za kilo 1 zikikubaliana na cheti lakini za gramu 25 zikatoka kubwa, tafuta mtikisiko. Kwetu ilikuwa jenereta nyuma ya ukuta. Umeme ukikatika, chuma chote kinakuwa laini. Tuliiweka mashine juu ya meza nzito ya zege, tukaisawazisha kwa pimamaji, na mizigo midogo hatuipimi jenereta inapounguruma.

Alama ikiwa imeinama, nusu moja ya mshazari ndefu kuliko nyingine, zungusha sampuli robo mzunguko upige tena. Upande mrefu ukihama pamoja na sampuli, sampuli haikukaa sawa. Ukibaki palepale, almasi ndiyo iliyoinama au imemeguka. Isafishe kwanza kwa pamba yenye spiriti, piga alama kadhaa kwenye shaba laini, utazame tena. Ikiendelea, usiishike kwa koleo. Mwite mtu wa mashine.

Na alama isipoangukia katikati ya msalaba wa kijicho, hilo ni jepesi: geuza kidogo skrubu za kusogeza lenzi, ukijaribia kwenye kipande cha taka. Haligusi thamani ya ugumu, lakini linaua kipimo cha kina cha tabaka gumu, kwa sababu alama unayodhani iko mikroni 100 kutoka ukingoni huenda iko 120.

Mzigo wenyewe siugusi. Viwango vya kimataifa vya kipimo hiki, ISO 6507, vinataka usipotoke zaidi ya asilimia 1 kuanzia gramu 200 kwenda juu, na asilimia 1.5 chini ya hapo hadi gramu 10. Hilo ni la mtu mwenye kipima nguvu chenye cheti.

Kipande cha rejea usikigeuze, usikipige upande wa nyuma, usiking'arishe upya hata kikichakaa. Acha nafasi ya angalau mishazari mitatu kati ya alama na alama. Kwa unyevu wa pwani kinashika kutu haraka: mimi nakifuta, nakipaka mafuta mepesi, nakirudisha sandukuni na kifuko cha chembe za kufyonza unyevu, na kila asubuhi kabla ya sampuli ya mteja yeyote nasoma ile alama ya zamani na kuandika nilichosoma daftarini, tarehe na jina la msomaji pembeni.

Fundi wa gia nilimfuata karakanani kwake nikamweleza yote. Gia ya pili aliniletea mwenyewe, akasimama nyuma yangu nikisoma kipande cha rejea kwanza.