Paka wa ghorofani anataka kutoka

SWALI: Assalamu alaykum. Paka wangu jike ana miezi 5, hajawahi kutoka nje. Tumehamia Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, na kutwa analia mlangoni. Nimfungulie?
Msomaji, Shangani

JIBU: Waalaykumu salaam. Usimfungulie bado, dada. Umri huo keshaweza kushika mimba, nayo huchukua siku 63 hadi 65 tu. Mashume wa vichochoroni hawahitaji mwaliko. Kwanza daktari wa mifugo amfunge kizazi na amchanje kichaa cha mbwa. Mshono upone siku 10 hadi 14.

Nyumba mpya nayo aizoee wiki 3 au 4, la sivyo atapotea akitafuta ya zamani. Siku ya kwanza mtoe asubuhi, kabla hajala, dakika 10. Gonga sahani ya dagaa, njaa itamrudisha.

Vespa zina hatari yake, lakini sumu ya panya ni ya kuogopwa zaidi. Akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda, dalili huchelewa siku 2 hadi 5: fizi nyeupe, kuhema, kulegea. Mkimbize kwa daktari, kuna tiba ya vitamini K1. Ukingoja damu itamvujia ndani kwa ndani.

Viroboto akirudi navyo, usimpake dawa ya mbwa yenye permethrini. Atatetemeka mwili mzima, huenda akafa.

Kwa maoni yetu, roshani yenu inatosha: izungushie wavu wa matundu yasiyozidi sentimita 4, ukazwe hadi juu. Wavu uliolegea atausukuma kwa kichwa.