Jibu: Nibadilishe kadi ya picha au ninunue kompyuta nyingine?

Mkuu, kwa hiyo kompyuta yako ya Dell yenye prosesa ya i5-4570 na RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8, usikimbilie kadi kubwa. Fungua kasha usome lebo ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani. Kama ni ndogo, ile iliyokuja na mashine, tafuta kadi ya picha ya GTX 1650 isiyo na tundu la waya wa ziada; inakula wati 75 tu, zote kupitia mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Pima na urefu wake, kasha nyembamba haliipokei kila kadi.

SSD, diski ya kasi ya kuhifadhia, nunua bila kusita, utahama nayo ukinunua kompyuta nyingine. RAM ongeza ukiipata kwa bei ya kutupa hapo mjini, maana ya mashine hii ni aina ya DDR3, na hiyo haiingii kwenye mazabodi mpya. Ila umeme unavyokatika na kurudi huku Nyegezi, nakusihi UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, itangulie.