Nyumba za bure Japani? Jibu kutoka kisiwa cha watu 2,300

Wapwa zangu na wadogo zangu mlioko Wete, Chake na Dar,

Tangu Agosti 2025 mnaniuliza jambo moja: "Mjomba, kweli Wajapani wametoa mji mzima kwa Watanzania? Zile nyumba zao tupu wanazigawa bure? Tuuze mikarafuu tuje?" Najibu wote kwa pamoja, na sitoficha kitu.

Hakuna mji uliotolewa. Mwezi huo, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika uliofanyika Yokohama, JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, lilitangaza miji minne ya Japani kuwa "nyumbani" kwa nchi nne za Afrika. Nagai, mji wa mkoa wa Yamagata, ukapangiwa Tanzania. Kisarazu Nigeria, Sanjo Ghana, Imabari Msumbiji. Shabaha ilikuwa kutembeleana na kubadilishana ujuzi. Hapakuwa na viza mpya wala ardhi. Habari ilipofika kwetu ikasomeka kwamba Nagai imekabidhiwa kwa Tanzania, na huku nako watu wakasikia Waafrika wanakuja kuhamia kwa wingi. Ofisi za miji hiyo zikazidiwa na simu za malalamiko, na tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango wote. Hapa kisiwani hakuna aliyenibadilikia uso, ila mzee mmoja aliniuliza taratibu kama kwetu kuna vita, maana hakuelewa mtu aliyezaliwa kisiwani aache kisiwa chake kwa ajili ya kisiwa cha watu wengine.

Ninapoishi panaitwa Ama, mji mmoja tu katika kisiwa cha Nakanoshima, kwenye visiwa vya Oki, mkoa wa Shimane. Tuko katikati ya Bahari ya Japani. Meli kutoka bara huchukua kama saa tatu, na zaidi ikipitia kwanza visiwa vingine. Zamani Oki ilikuwa mahali pa kuwahamishia wakubwa waliokosana na watawala: Mfalme Go-Toba aliletwa hapa mwaka 1221 na akafia hapa hapa 1239. Mwaka 1950 Ama ilikuwa na karibu watu 7,000. Leo wamebaki kama 2,300, na karibu wanne katika kila kumi wamepita miaka 65. Pemba yetu ina watu zaidi ya laki tano. Kwa hiyo mnaposikia "mji", msipige picha ya Chake. Pigeni picha ya vijiji kadhaa vyenye mashamba ya mpunga, bandari moja ya Hishiura, maduka ya kuhesabu kwa vidole, na usiku usiosikia kitu isipokuwa vyura.

Nyumba tupu zipo, hilo ni kweli. Sensa ya makazi ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9 Japani nzima. Lakini mimi nilipofika hapa nilikosa nyumba ya kupanga, na kila nikipita njiani naona milango iliyofungwa. Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Ndani ya nyumba hizo mna kabati la kuwakumbukia wazee wa ukoo, na watoto wanaoishi Osaka au Tokyo hurudi katikati ya Agosti, siku za Obon, kufungua madirisha na kuwaombea wafu wao. Mwenye nyumba hawezi kumpa mgeni nyumba yenye roho ya mama yake ndani. Wengine wanaogopa majirani watasema nini mpangaji akiharibu mambo. Zile zinazotolewa kwa bei ya kutupa nyingi mbao zimeliwa na mchwa, paa linavuja na choo ni cha shimo. Kuitengeneza ni pesa nyingi kuliko ya kuinunulia. Halmashauri ya Ama ililiona hilo mapema, ikawa inazikarabati nyumba tupu na kuwapangisha wanaohamia. Ndivyo nami nilivyopata yangu, kwa kodi nafuu, ila baridi ya Januari inapita kwenye kuta utadhani hazipo.

Na nyumba inakuja na wajibu wake, jambo ambalo hakuna video inayowaonyesha.

Ukihamia unaingia kwenye jumuiya ya mtaa. Kuna ada. Kuna ubao wa matangazo unaotoka nyumba hadi nyumba: unasoma, unaweka muhuri wako, unampelekea jirani siku hiyo hiyo, maana ukiukalia wote nyuma yako wanasubiri. Kuna zamu ya kusafisha mahali pa kutupia taka, na taka zenyewe zinatenganishwa hivi: zinazoungua, chupa, makopo, plastiki, karatasi, kila aina na siku yake. Chupa unaisuuza, kifuniko unakivua, karatasi iliyobandikwa unaibandua. Kuna siku za kukata majani kando ya barabara na kuzibua mifereji ya mpunga. Siku hiyo alfajiri unamkuta bibi wa miaka 80 na zaidi, kofia imefungwa kidevuni, kishikizo cha mundu kimelainika kwa miaka ya kushikwa, anakata kwa mpangilio na hainui kichwa mpaka mstari wake uishe. Hatakwambia neno usipotokea. Lakini kijiji kizima kitajua, na jina lako litasemwa kwa namna nyingine.

Mtu anayependa kufunga mlango na kuishi kivyake hapa hapamfai. Majirani wanajua taa yangu inazimwa saa ngapi. Nikinunua dawa ya mafua, kesho naulizwa kifua kinaendeleaje. Asubuhi na jioni vipaza sauti vya halmashauri vinapiga muziki na kutoa taarifa: meli imeahirishwa, kuna msiba, kuna mkutano. Kwetu Pemba tumezoea kujuana hivyo, kwa hiyo mimi hainisumbui. Aliyekulia Kariakoo nadhani itamkera ndani ya mwezi.

Sasa pesa. Kima cha chini cha mshahara mkoa wa Shimane mwaka 2024 kilikuwa yeni 962 kwa saa. Saa nane kwa siku, siku 21, ni kama yeni 160,000 kwa mwezi. Mkizigeuza kuwa shilingi zinafika milioni mbili na nusu na zaidi, na hapo ndipo mnapoacha kusikiliza. Toeni bima ya afya, pensheni, kodi, pango, umeme, mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto, na gari, kwa sababu bila gari hapa huendi popote. (Gari zenyewe ni zile kirikuu mnazozijua, injini isiyozidi cc 660, kila mkulima analo.) Kinachobaki kinatosha kuishi kwa heshima na kutuma kidogo nyumbani, si kujenga ghorofa. Kazi yangu ni ya samaki. Kuanzia machipuo tunafungua chaza wakubwa wa miamba, joto likija tunaingia kwenye ngisi. Unasimama kutwa, sakafu ina maji, mikono imo kwenye barafu, na chaza aliyefunguliwa vibaya anatupwa, hauzwi.

Kati ya Desemba na Februari upepo unatoka upande wa Siberia na bahari inachafuka. Meli inakatika siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Mkate na maziwa yanaisha dukani, gazeti halifiki. Mwenye ugonjwa mkubwa huchukuliwa kwa helikopta. Zahanati ipo, ila hospitali iko kisiwa cha jirani, Nishinoshima, na mjamzito huvuka kwenda kujifungulia mbali, akaondoka kabla siku zake hazijatimia.

Dini nayo mniulize kabla hamjauza kitu. Msikiti hakuna, Ijumaa naswali Adhuhuri nyumbani. Samaki ni wengi na wali ni mtamu, umelimwa hapa hapa kwa maji ya chemchemi, lakini michuzi yao mingi ina pombe ya kupikia, kwa hiyo kila karamu nauliza kabla sijala, na nyama halali naagiza ya barafu kutoka bara. Idi mbili nimeswali peke yangu na jioni nikaenda kazini. Zito kuliko yote ni mauti. Wajapani karibu wote huchomwa wakifa, na makaburi yanayopokea Waislamu ni machache mno nchi nzima. Nimeandika wasia, nimeuacha kwa mwajiri wangu na kwa dada yangu Wete, nimetaja nani apigiwe simu na nizikwe vipi. Kijana wa miaka 24 hawazi hayo. Mimi nawaambieni muwaze.

Mbona basi nimebaki? Kwa sababu nimeona kisiwa kilichokataa kufa, na nimetamani watu wetu wakione. Miaka ya mwanzo ya 2000 Ama ilikuwa imeelemewa na madeni, na miji midogo nchi nzima ilikuwa ikiunganishwa. Wakakataa kuunganishwa. Meya wao, Yamauchi Michio, akakata mshahara wake mpaka nusu, wafanyakazi wa halmashauri nao wakakubali kukatwa, na fedha iliyopatikana ikatumika kwa watoto na kwa viwanda vidogo. Mwaka 2005 wakaanza kugandisha mazao ya bahari kwa mtambo usioharibu nyama yake, ngisi wa Ama akafika Tokyo akiwa kama ametoka majini leo. Skuli ya sekondari ya juu ya hapa Ama ilikuwa na wanafunzi chini ya 90 mwaka 2008 na ilikuwa inaelekea kufungwa. Wakafungua milango kwa watoto wa kutoka mikoa mingine, wakawajengea dakhalia na mahali pa kusomea usiku, na idadi ikapanda karibu mara mbili. Machi, walimu na wanafunzi wanapoondoka, wanaosafiri hushika ncha za karatasi za rangi wakiwa juu ya meli na wanaobaki hushika ncha nyingine gatini, hadi zinakatika zenyewe. Wazee wanalia waziwazi kwa ajili ya watoto wasio wao.

Agosti tunacheza ngoma ya Kinnyamonya, mtaa mzima barabarani, kila mtu na miko miwili ya wali mkononi akiigonganisha. Mwaka wa kwanza nilisimama pembeni. Yule bibi wa mundu akaja akanitia miko mikononi, akanivuta kwenye mstari, akarudi nafasi yake.

Kwa hiyo mkiniuliza mje au msije: anayetaka pesa za haraka asije kisiwani, atavunjika moyo na atawavunja moyo waliompokea. Viza ya kazi iitwayo ya ujuzi maalumu, daraja la kwanza, ni miaka mitano kwa jumla na mke au mume haruhusiwi kuja nawe. Inadai mtihani wa lugha na mtihani wa kazi yenyewe. Wakala akikwambia atakupitisha bila mitihani hiyo, usimpe hata shilingi, na mikarafuu ya bibi msiiguse. Aliye tayari aanze leo na hiragana na katakana, herufi za mwanzo za Kijapani. Akizisoma bila kukwama anipigie baada ya sala ya Adhuhuri ya kwenu, huku ni saa moja usiku nimeshatoka kazini, tuanze kujaza fomu pamoja.