Mzigo wako ukibadilishiwa meli, wewe hutakuwepo

Mteja wangu wa Rotterdam ni mpole. Hakunipigia simu kufoka, alinitumia picha tu kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa sahani ya mawe laini ya Tabaka, Kisii, imepasuka vipande vitatu. Ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Ya nne ndiyo iliyonikalisha chini: kiondo cha katani kutoka Machakos, kimeota ukungu wa kijani kuzunguka mdomo kama mkate uliosahauliwa kabatini.

Ilikuwa shehena yangu ya tatu, mwezi wa Julai. Nikamwendea hewani wakala wa usafirishaji hapa Nairobi nikiwa nimewaka. Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi: "Mama, meli iliyotoka Mombasa haikufika Ulaya. Mzigo ulishushwa Salalah, bandari ya Oman, ukakaa siku kumi na moja, ndipo ukapanda nyingine." Na kweli, kwenye hati ya shehena Salalah ilikuwa imeandikwa. Mimi nilikuwa nimesoma bei na tarehe.

Mizigo mingi ya Kilindini husafiri hivyo, ikishushwa Salalah, Jebel Ali au Colombo kungoja meli kubwa. Siku moja niliketi na kalamu nikahesabu mara ambazo kitu changu kitanyanyuliwa na kutuliwa: karakana hadi lori, lori hadi ghala la Mombasa Road, ghala hadi kontena, kontena kwenye treni pale Embakasi, chini tena Mombasa, uwanjani, melini, chini Salalah, juu tena, chini Rotterdam. Kila mara krein inapolitua kontena, kuna kishindo. Kwa hiyo usifunge mzigo wa safari moja ndefu, funga mzigo wa kuangushwa mara kumi na watu wasiokujua.

Mawe kwanza. Nilikuwa nikizilaza sahani moja juu ya nyingine, karatasi katikati. Sasa zinasimama wima, kila moja imeviringishwa peke yake, na katoni ni ya kuta mbili. Nikishaifunga naitikisa karibu na sikio. Nikisikia kitu kinacheza, naifungua upya. Kisha naidondosha sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Vijana wa karakana walidhani nimerukwa na akili mara ya kwanza, lakini heri sahani ipasukie hapa.

Ukungu ulinichukua muda kuuelewa. Watu wa Pwani wanaujua upepo wa kusi. Upepo huo ukifika Dhofar, jimbo la Oman iliko Salalah, mwezi wa Julai na Agosti huleta manyunyu na ukungu wa hewani, msimu ambao Waomani huuita khareef. Nikaulaumu huo. Lakini kontena halikuwa na tundu hata moja. Maji yalitoka Nairobi, ndani ya katani yangu na ndani ya mbao za kreti. Mchana bati la kontena linachemka, unyevu unapanda, usiku bati linapoa na maji yanadondoka kutoka darini juu ya mzigo. Likikaa siku kumi na moja uwanjani, mchezo huo unachezwa mara kumi na moja. Nakumbuka hata nilimuuliza fundi wangu wa Gikomba, "Fundi, hizi mbao si bado mbichi?" Akacheka: "Mama, zitakauka baharini."

Siku hizi nina kifaa kidogo cha kupima unyevu, na mbao ikizidi asilimia 20 siichukui. Tena mbao za kwenda Ulaya lazima ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30 na kugongwa muhuri wenye suke na herufi HT, jambo ambalo KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, husimamia. Vyondo naviacha vikauke kabisa, na sivifungi kwenye nailoni, kwani hapo ndipo huanza kuoza. Ndani ya kontena inaning'inizwa mifuko ya kloridi ya kalsiamu ifyonze unyevu. Na kabla ya kupakia, ingia kontenani, wafunge milango ukiwa ndani. Ukiona nuru popote, likatae.

Kama unachangia kontena na wengine, tatizo ni jirani. Jirani yangu alikuwa magunia, yaliyopangwa juu ya katoni zangu. Stika za "usipange juu" ni pambo tu. Nilimwambia fundi yuleyule atengeneze kreti yenye kifuniko cha mgongo, kama paa la nyumba, ili kitu kisikalike juu yake. Gharama yake ipo: mzigo wa kuchangia hulipiwa kwa mita za ujazo au kwa tani, lolote litakalozidi, kwa hiyo nalipia hewa iliyo pembeni mwa paa. Kwa mawe nalipa. Kwa vyondo silipi.

Bima nayo ilinifunza kwa bakora. Nilikuwa nimeuza kwa masharti ya CIF, yaani muuzaji ndiye anayelipa nauli na bima hadi bandari ya mteja, nikanunua kile kiwango cha chini kinachokubalika, yaani fungu C. Fungu C hulipa meli ikizama, ikiungua au ikigongana. Sahani iliyovunjika kwenye kunyanyuliwa haimo. Sasa nachukua fungu A, lililo pana zaidi, linalofuata mzigo hata unapohamishiwa meli nyingine, ingawa nalo halilipi ufungaji mbovu wala hasara ya kucheleweshwa. Ndiyo maana napiga picha kila hatua ya kufunga, pamoja na namba ya kontena na ya sili. Mwambie mteja wako afungue mapema: hasara isiyoonekana kwa nje huripotiwa kwa mwenye meli ndani ya siku tatu, na kesi hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja.

Kabla ya kulipa, muulize wakala mambo mawili tu: mzigo utabadilishiwa meli wapi, na utakaa huko siku ngapi. Akisitasita, tafuta mwingine.

Shehena ya mwisho mteja alinitumia picha tena. Bakuli mbili zimekatika ukingo, basi. Picha ya tatu ilikuwa ya kifuniko: mbao za mgongoni zina mkwaruzo mrefu, upande mmoja hadi mwingine. Mtu alikuwa amejaribu kuweka kitu juu, kikateleza.