Mabaka mashavuni: usikimbilie asidi ya saluni

Pole dada. Nimekuelewa: mabaka ya kahawia mashavuni tangu ujauzito, na saluni wanakuahidi asidi ya TCA (asidi kali ya kuchubua ngozi) itayamaliza kwa siku moja. Tafadhali usikubali.

Kwenye ngozi nyeusi kama yetu, asidi ikizama sana huunguza, na palipoungua huweza kubaki peusi kuliko mwanzo. Hayo mabaka (melasma) hupungua taratibu, na hurudi ukizembea na jua. Kwa hiyo anza na losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, kila asubuhi hata kukiwa na mawingu. Chagua yenye rangi. Oksidi ya chuma iliyomo huzuia pia mwanga wa kawaida, ambao nao hukoleza mabaka.

Ukiamua kuchubua, afanye daktari wa ngozi. Kwa kawaida huanza na asidi ya glikoliki au salisiliki ya kiwango cha chini, hujaribu sehemu ndogo kwanza, na huachanisha vikao wiki 2 hadi 4. Mwambie kama unanyonyesha, unatumia retinoli (dawa ya ngozi ya vitamini A) au hutokwa na vidonda vya homa mdomoni. Na kama umewahi kupaka mkorogo, usimfiche hata kidogo: ngozi iliyopakwa mkorogo huwa nyembamba, huungua upesi.

Magamba yakianza kubanduka, usiyavute. Ukiona malengelenge au usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa uko Arusha, Moshi si mbali: pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.