Mimi napenda papa, mume wangu anapenda senene: je, ladha hurithiwa au huzoeleka?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Pangani, nimeolewa na mwenyeji wa Bukoba, na tunaishi Mwanza. Kwetu papa mkavu aliyepikwa kwa tui la nazi ni kitoweo cha heshima, lakini mume wangu akisikia harufu yake hutoka nje na kusema kuwa nyumba inanuka mkojo. Naye mama yake akituletea senene, wale panzi wanaoliwa kwao, huwala kwa furaha kama mtoto, ilhali mimi siwezi hata kuwatazama, ingawa kamba nimewala tangu utotoni na nawapenda, hata kama midomo huniwasha kidogo nikishawala. Isitoshe, mume wangu hataki giligilani kwenye kachumbari kwa sababu, kwa maneno yake, ina ladha ya sabuni. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano, na mama mkwe ananisihi nijifunze kula senene ili mtoto asije akakataa vyakula vya kwao. Naomba unieleze kitaalamu: tofauti hizi zimo katika damu au ni mazoea tu? Na je, kinyaa huweza kuondoka?

JIBU: Dada yangu, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa kirefu, kwa sababu ndani ya maelezo yako yamo mawili ambayo hukuyauliza lakini itanilazimu kuyajibu kabla sijamaliza.

Nianze na papa, kwa kuwa mume wako hakukosea alipotaja mkojo. Papa, pamoja na nduguye taa, huhifadhi urea nyingi katika nyama yake ili maji ya mwili wake yasivutwe na chumvi ya bahari, na urea hiyo ni ileile inayopatikana katika mkojo wa binadamu. Samaki huyo akishakufa, bakteria huigeuza urea kuwa amonia; na kiambato kingine kilichomo katika nyama yake hugeuka trimethilamini, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha shombo. Chumvi na jua hupunguza kasi ya mabadiliko hayo lakini havifuti kabisa kilichokwisha kutokea, na ndiyo maana papa wa ng'onda hujitambulisha tangu mlangoni. Wapishi wa pwani walilipatia dawa jambo hili kwa vitendo muda mrefu kabla ya maabara: humroweka, humchemsha na kumwaga maji, humsugua, kisha humtia ndimu, ukwaju au embe bichi. Amonia na trimethilamini zina asili ya kialkali, kwa hiyo zikikutana na uchachu hugeuka chumvi ambazo hazipai hewani, na kitu kisichopaa hakiwezi kuifikia pua. Ukitaka amani nyumbani, mwaga maji ya kuchemshia mara mbili badala ya mara moja na uongeze ukwaju mapema. Harufu itapungua sana, na ladha unayoipenda itabaki.

Lakini swali lako ni kwa nini harufu hiyohiyo ikuite wewe mezani na imtoe yeye nje. Hapa yafaa kufahamu kwamba sehemu kubwa ya tunachokiita ladha hutoka puani. Ulimi wenyewe hutambua mambo machache tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908. Bana pua yako kwa vidole, tafuna punje za iliki, kisha uachie pua: utashangaa kuona kwamba iliki yenyewe huwasili pale tu hewa inapopanda kutoka koromeoni hadi puani. Ndani ya pua tuna takribani aina 400 za vipokezi vya harufu, na njia zinazotoka huko kwenda kwenye ubongo hupita jirani kabisa na sehemu zinazoshughulikia kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu haitufikii ikiwa peke yake, bali huja na watu na mahali. Mwaka 2001 watafiti Rachel Herz na Julia von Clef walichapisha majaribio ambamo harufu ileile moja ilinuswa na watu kwa nyakati tofauti, mara ikiitwa jibini aina ya parmesan, mara ikiitwa matapishi. Watu walewale waliisifu au kuichukia kulingana na jina walilopewa. Wewe harufu ya papa ulipewa jina lake jikoni kwa mama yako, kabla hujaweza kutamka neno lolote, na jina hilo lilikuwa kitoweo. Mume wako alikutana nayo akiwa mtu mzima, na jina pekee alilokuwa nalo la kuipa lilikuwa mkojo. Pua zenu huenda zinanusa kitu kilekile.

Kuhusu giligilani, ambayo kwenu mnaiita kotmiri na Kenya huitwa dania, hapo damu ina sauti kubwa kidogo. Majani yake yana viambato viitwavyo aldehaidi, ambavyo jamaa zake hupatikana pia katika sabuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliotumia majibu ya watu zaidi ya 25,000 waliopimwa vinasaba na kampuni ya 23andMe ya Marekani, ulionyesha kuwa wanaosikia ladha ya sabuni hutofautiana na wengine katika eneo la vinasaba lenye kipokezi cha harufu kiitwacho OR6A2. Kwa hiyo mume wako huenda anasikia kweli kitu ambacho wewe hukisikii, na haifai kumwambia kuwa anadeka. Hata hivyo, watafiti haohao waligundua kuwa vinasaba vilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti yote. Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliofanywa Toronto ulikuta kuwa kati ya vijana wenye asili ya Asia Mashariki asilimia 21 hawaipendi giligilani, ilhali kwa wenye asili ya Asia Kusini, ambako jani hili liko katika chakula cha kila siku, ni asilimia 7 tu. Kwa upande wa jiko, ushauri wangu ni kuisaga iwe chatini na kuiacha ikae kidogo kabla ya kuila, kwa kuwa majani yakipondwa hutoa vimeng'enya vinavyovunja aldehaidi hizo. Wengi wanaoikataa ikiwa mbichi kwenye kachumbari huivumilia ikiwa chatini.

Mfano ulio wazi zaidi wa urithi ni uchungu. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC katika maabara ya kampuni ya DuPont, unga ukapeperuka, na mwenzake akalalamika kuwa ni mchungu kupita kiasi, ilhali Fox mwenyewe hakusikia chochote. Kinasaba kinachohusika, TAS2R38, kilitambuliwa mwaka 2003, nacho huathiri jinsi tunavyosikia uchungu wa mboga za jamii ya kabichi, sukuma wiki ikiwa mojawapo. Lakini wewe ni mtu wa Tanga na unaujua mchunga. Hakuna mtoto anayezaliwa akiupenda, na bado watu wazima wa kwenu wakikaa mbali huuulizia, kwa sababu uliwafikia mara nyingi ukiwa umechemshwa, umemwagwa maji, umetiwa chumvi ambayo hupunguza uchungu ulimini, na umeungwa kwa tui.

Senene ni suala jingine kabisa, na ndilo ambalo wengi hulichanganya na ladha. Umeandika kuwa huwezi hata kuwatazama. Hukuandika kuwa umewahi kuwaonja. Kinachokuzuia ni kinyaa, na kinyaa huamuliwa na wazo la kitu kile ni nini na kilikuwa wapi, kabla ulimi haujaulizwa. Paul Rozin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilionyesha hili mwaka 1986 walipochovya katika juisi mende aliyekufa na kusafishwa hadi asiwe na kijidudu chochote. Watu walielezwa kuwa hana madhara, na bado hamu yao ya kuinywa juisi ile iliporomoka. Akili iliyoelimishwa ilikubali, moyo ukakataa. Kwako wewe, kamba amewekwa upande wa bahari na kitoweo, na senene amewekwa upande wa wadudu, ingawa kwa maumbile wote wawili wana ganda gumu kwa nje na miguu yenye viungo, na wataalamu wa wanyama huwaweka katika kundi kubwa moja. Mipaka ya namna hii huchorwa na jamii na hutofautiana hata miongoni mwa wanaowala. Huko Buganda, watu wa ukoo wa Nsenene hawali senene kwa kuwa ndiye mwiko wao, na zamani wanawake waliwakusanya lakini hawakuruhusiwa kuwala. Kwa lishe, chakula hiki kinastahili heshima kinayopewa Kagera: protini huwa zaidi ya theluthi moja ya uzito wa senene mkavu, na mafuta hukaribia nusu, ndiyo maana hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe.

Kinyaa huweza kuondoka, nimeshuhudia kikiondoka, lakini hakiondoki kwa kulazimishwa. Husaidia chakula kikibadilishwa umbo, kwa mfano senene waliokwisha kutolewa mabawa na miguu wakasagwa na kuchanganywa katika mchuzi, na husaidia zaidi kukila ukiwa na watu unaowaamini. Kwa sasa, hata hivyo, si wakati wake. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha kuwa panya waliokunywa maji matamu kisha wakaugua kwa mionzi waliendelea kuyaepuka maji hayo, na majaribio yaliyofuata yalithibitisha kuwa tukio moja linatosha, hata ugonjwa ukija saa kadhaa baada ya chakula. Binadamu tuko vivyo hivyo. Ukijilazimisha kula senene katika kipindi ambacho kichefuchefu kiko karibu, ukatapika, unaweza kuwachukia kwa miaka mingi kwa sababu isiyowahusu.

Mama mkwe ana hoja yenye ukweli kuhusu mtoto. Julie Mennella na wenzake wa Monell, kituo cha utafiti wa ladha na harufu huko Philadelphia, Marekani, walionyesha mwaka 2001 kuwa watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti mwishoni mwa ujauzito au wakati wa kunyonyesha waliupokea kwa urahisi zaidi uji wenye ladha ya karoti. Harufu za chakula cha mama hupita katika maji ya uzazi na katika maziwa. Lakini mlango huo haufungwi siku ya kuzaliwa. Mtoto mdogo huhitaji kuonjeshwa chakula kipya mara nane hadi kumi na tano kabla hajakizoea, na kati ya miaka miwili na sita huwa na tabia ya kukataa vitu vigeni, jambo ambalo wazazi wengi hulichukulia kuwa ukaidi. Kumwona baba yake akila senene kwa furaha kutamfunza mengi.

Sasa yale mawili ambayo hukuyauliza. La kwanza ni la papa, na najua litakuuma. Papa ni mwindaji anayeishi miaka mingi, hivyo hulimbikiza zebaki kutoka kwa samaki wote aliowala, na zebaki hiyo huathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mamlaka za afya za Marekani na Uingereza huwashauri wajawazito wasile papa kabisa. Kumroweka na kumchemsha hakusaidii, kwa kuwa zebaki imeshikamana na protini ya nyama. Nakuomba umwache hadi umalize kunyonyesha, na badala yake ule dagaa, ambao ni wadogo, hawaishi muda mrefu na hawajalimbikiza zebaki kwa kiasi hicho, Mwanza hamkosi.

La pili ni sentensi uliyoiandika kama kitu cha kupita tu, kwamba kamba wakishaliwa midomo huwasha. Hiyo huenda ni dalili ya mzio, yaani aleji. Protini iitwayo tropomiosini, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha mzio wa kamba, ipo pia katika senene na wadudu wengine, na moto wa kukaangia hauiharibu. Mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kuwala senene kwa mara ya kwanza maishani na bado mwili wake ukawatambua kuwa adui wa zamani. Kwa hiyo usionje senene, hata mmoja, na uwaache kamba pia, mpaka umemweleza daktari wa kliniki yako ya wajawazito na kupata vipimo au rufaa. Ikitokea uvimbe wa midomo au ulimi, vipele mwili mzima, au kupumua kwa shida baada ya chakula chochote, nenda hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri. Mweleze mama mkwe jambo hili kama lilivyo, kwamba ni agizo la kitabibu na wala hudharau chakula cha kwao, na mwambie pia kuwa mtoto naye, siku atakapofikia umri wa kuonjeshwa senene, aonjeshwe kidogo sana baada ya daktari wake kujua historia yako.